Ndege Ikibadilishwa, Usiamini Namba ya Kiti Chako

Barua pepe huja fupi: ratiba yako imebadilika, tafadhali thibitisha. Saa ni ile ile, namba ya safari ni ile ile, na mteja anabonyeza "nakubali" akijua hakuna jipya. Kumbe jipya liko chini kabisa, kwenye alama tatu za aina ya ndege. Ilikuwa 351, sasa imeandikwa 77W. Maana yake Airbus A350-1000 imeondolewa na inakuja Boeing 777-300ER. Kwa mtu aliyelipia daraja la biashara ili alale usiku kucha, hayo ni mabadiliko makubwa.

Ukipata taarifa ya namna hiyo, tunakuomba usithibitishe kwanza. Fungua ramani ya viti, au tutumie namba yako ya bukingi tuifungue sisi mawakala wako wa safari.

Mashirika hubadilisha ndege kwa sababu zake. Ndege imeharibika, abiria wa safari ile wamepungua au wamezidi, au injini zinasubiri matengenezo. Tangu 2016 mashirika kadhaa yenye Boeing 787 yalilazimika kuegesha baadhi ya ndege zao kwa ajili ya matatizo ya injini za Rolls-Royce Trent 1000, na safari zao zikapewa ndege nyingine. Ukisoma masharti ya tiketi utaona kwamba shirika halikuahidi aina ya ndege wala kiti fulani. Kwa hiyo kung'ang'ania "lakini nilipewa 4A" hakukufikishi mbali. Kuwahi ndiko kunakosaidia.

Hiyo 4A yenyewe ndipo watu wengi wanapoumia. Ndege ikibadilishwa, mfumo wa kompyuta wa shirika unawahamisha abiria wenyewe bila kuwauliza, na mara nyingi unajaribu kukuachia namba ile ile au angalau dirisha. Unaona 4A bado ipo, unatulia. Lakini kama ndege ya kwanza ilikuwa na viti 1-2-1, yaani kimoja kila upande wa dirisha na viwili katikati, kila abiria alikuwa anatoka moja kwa moja kwenye njia. Ile mpya ikiwa 2-2-2 au 2-3-2, wewe wa dirishani utalazimika kumruka jirani aliyelala kila unapotaka kwenda chooni. Tofauti hii hutokea hata ndani ya shirika moja: Emirates wana A380 zenye 1-2-1 katika daraja la biashara, ilhali 777 zao kwa miaka mingi zilikuwa 2-3-2. Hata jina la ndege halitoshi. British Airways walipoleta kiti chao kipya chenye mlango mwaka 2019 walianza na A350, kisha 777 zikawa zinabadilishwa moja baada ya nyingine. Abiria wa 777 alikuwa hajui atakalia kipi mpaka aangalie ramani.

Hata ukikuta 1-2-1, endelea kutazama. Kuna mpangilio ambao viti vinapishana safu kwa safu. Safu moja kiti kimebanwa dirishani na meza iko upande wa njia, na hapo unajifunika vizuri. Safu inayofuata kiti kiko njiani na meza ndiyo iliyo dirishani, kila apitaye na begi anakugusa bega. Ramani nyingi huchora jambo hili ukitazama kwa makini: kiti kimesogezwa kushoto au kulia, au herufi inabadilika kutoka A kwenda B. Katikati napo ni vivyo hivyo. Safu moja viti viwili vinakaribiana, safu ya pili vimetenganishwa na meza mbili. Wanandoa waliochagua kukaa pamoja wanaweza kuachiwa safu ile ile na bado wasiweze hata kuzungumza. Na kwenye Qsuite, daraja la biashara la Qatar Airways lenye viti vya milango, baadhi ya viti vinatazama nyuma. Wengine hawasikii lolote, wengine hawapendi kabisa wakati ndege inapaa.

Sisi, tukiulizwa, hupendekeza safu ya kwanza ya kila chumba, yaani kila sehemu ya ndege iliyotengwa kwa ukuta, hasa kwa warefu. Kwenye viti vinavyolala kabisa, miguu huingia ndani ya kijishimo chini ya meza ya mtu wa mbele, na kwa mtu mwenye miguu mikubwa hapo pana dhiki. Safu ya mbele haina mtu mbele yake, kwa hiyo nafasi ya miguu mara nyingi ni pana zaidi. Ubaya wake ni kwamba vitanda vya watoto wachanga hufungwa huko huko ukutani, na jiko linaweza kuwa nyuma ya pazia tu. Mwenye usingizi mwepesi achague katikati ya chumba, mbali na jiko na choo.

Kama ulilipia kuchagua kiti na umehamishiwa kibovu zaidi, tunza risiti na udai fedha hiyo irudi. Ni dai dogo, lakini ni haki yako.

Kushushwa daraja ni habari nyingine kabisa. Ndege mpya ikiwa na viti vichache na wewe ukapelekwa daraja la chini, Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inataka urudishiwe asilimia 30, 50 au 75 ya bei kulingana na umbali, ndani ya siku 7. Inahusu safari zinazoondoka Umoja wa Ulaya, na zinazoingia huko kwa shirika la Ulaya. Mwaka 2016 mahakama ya Umoja huo iliamua kwamba asilimia inakokotolewa kwenye bei ya safari ile uliyoshushwa, si ya tiketi nzima. Kwa Marekani, kanuni za 2024 zinakupa haki ya kurudishiwa fedha zote ukikataa kusafiri kwa daraja la chini. Lakini kiti kibaya ndani ya daraja lile lile hakihesabiwi kuwa kushushwa. Hapo silaha yako ni kuomba, na wakati mzuri wa kuomba ni kabla hujabonyeza "nakubali", kwa sababu mashirika mengi huruhusu kuhamia safari nyingine bila malipo pale yanapobadilisha yenyewe.

Angalia ramani tena siku moja kabla ya safari, maana ndege inaweza kubadilishwa mara ya pili. Ikitokea uwanjani, mashine ya lango ikakutolea pasi ya kupandia ndege yenye namba mpya, usitupe ile ya zamani. Ipige picha pamoja na mpya, mwombe mhudumu wa lango akuangalizie kiti kilichobaki, kisha ututumie picha hizo ukiwa bado pale langoni.