Tiba ya sumaku kwa sonona: mgonjwa wa Kibakwe atalala wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo kuhusu tiba ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa njia ya sumaku, tiba ambayo familia nyingi zenye wagonjwa zimeanza kuiulizia.

Dada yangu ana shamba la zabibu Hombolo. Msimu mmoja matunda yalimkaukia mizabibuni huku yeye ameketi kizingitini, kanga ileile tangu Jumatatu hadi Jumamosi, akiitikia salamu kwa sauti ya mtu anayetoka usingizini. Majirani wakasema ana mapepo. Tulikawia miezi saba kumpeleka kwa daktari na sitaficha sababu: jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, limegeuzwa tusi mitaani, na shemeji hakutaka mkewe aonekane akiingia pale. Alipoanza dawa, amitriptilini ilimkausha kinywa na kumlaza mchana kutwa. Akabadilishiwa fluoksetini, akapata nafuu ya nusu, na nafuu ikagota hapo.

Wagonjwa wa namna hiyo, ambao dawa zimewasaidia kidogo au hazikuwasaidia kabisa, ndio waliolengwa na tiba ya sumaku. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba sumaku ikiwekwa juu ya fuvu inaweza kuuamsha ubongo bila kupasua chochote, na mwaka 2008 Marekani ikairuhusu mashine ya kwanza ya kutibu sonona kwa njia hiyo. Koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa sehemu ya mbele ya kichwa, upande wa kushoto. Umeme unaopita ndani yake kwa vipindi vifupi mno huzaa nguvu ya sumaku inayopenya mfupa na kuchochea seli za ubongo zilizo chini yake. Mgonjwa huwa macho muda wote, akisikia mlio kama wa kigogota akigonga mti, kisha huinuka na kwenda zake.

Nalisisitiza hilo kwa sababu wengi huichanganya na tiba ya shoti ya umeme, ambayo nayo ni tiba halali yenye wagonjwa wake, lakini hufanyika mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na degedege huletwa kwa makusudi. Katika sumaku degedege ni tukio la nadra sana. Mwenye chuma ndani ya kichwa au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni hafai kutibiwa hivyo, na mwenye kifafa hupimwa kwanza kwa makini.

Kinachonitia wasiwasi ni ratiba yake. Mgonjwa hutakiwa kuhudhuria siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6, na kwa utaratibu wa kawaida kila kikao huchukua dakika 37 na nusu. Dada yangu angeweza kujikokota kutoka Hombolo, ingawa nauli ya kila siku, yake na ya msindikizaji, ingemaliza mavuno. Anayetoka Kibakwe au Kondoa hana budi kuhamia mjini, naye ni mtu ambaye ugonjwa wenyewe umemnyang'anya hata nguvu ya kuoga.

Nafuu ya sehemu ya tatizo hili imekwisha kupatikana. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 414, ulionyesha kwamba kikao cha dakika 3 chenye mapigo yaliyopangwa kwa mafungu hakizidiwi na kile kirefu. Mashine moja, basi, inaweza kuhudumia watu wengi zaidi kwa siku. Lakini dakika 3 hazipunguzi kilomita wala idadi ya siku.

Kwa kuwa Mirembe, Hospitali ya Benjamin Mkapa na Chuo Kikuu cha Dodoma vyote viko katika jiji hili, sioni mahali panapofaa zaidi kuianzishia tiba hii kwa watu wa Kanda ya Kati. Mipango yake itaje mashine yenye uwezo wa vikao vifupi, wauguzi waliofunzwa kuitumia, na hosteli ya bei nafuu karibu na hospitali kwa mgonjwa na ndugu yake mmoja. Wabunge hukutana hapahapa kila mwaka kupitisha bajeti ya afya. Siku mashine hiyo itakapoletwa mezani, nawaomba kabla ya kuuliza bei yake waulize mgonjwa wa Kibakwe atalala wapi kwa wiki zote sita.

Msomaji wako,
Kizota, Dodoma