Alama za shule zihakikiwe kwanza, ndipo mtihani upunguziwe uzito

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja inayorudi kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, kwamba si haki miaka minne ya mtoto ihukumiwe kwa wiki chache za Novemba. Siku hizi wenye hoja hii wana mfano wa nje: jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako Novemba 2024 takribani asilimia 59 ya wapiga kura waliondoa sharti la kufaulu mtihani wa jimbo, uitwao MCAS, ili mwanafunzi ahitimu sekondari.

Mfano huo tuusome wote. Mtihani wenyewe haukufutwa. Wanafunzi wanaendelea kuufanya, ila kuhitimu sasa kunategemea masomo ambayo mamlaka ya elimu ya wilaya inathibitisha kuwa wameyamudu. Tena hata sharti lilipokuwapo, mtoto wa kule aliufanya akiwa darasa la kumi, miaka miwili kabla ya kumaliza, na akishindwa aliurudia angali shuleni. Wa kwetu anaufanya siku zake za mwisho, na akipata daraja sifuri anarudi nyumbani bila cheti cha Baraza la Mitihani. Kwa hiyo wanaolalamika wana sababu.

Ninachouliza ni uzito huo utahamishiwa wapi. Bila shaka utahamia kwenye alama za upimaji endelevu, yaani alama za maendeleo ambazo shule yenyewe humpa mwanafunzi kwa kazi zake za mwaka, na hapo ndipo penye tatizo. Karatasi za Baraza hufika kituoni zikiwa zimefungwa, askari yupo, na wasimamizi wametoka shule nyingine. Alama za maendeleo huandikwa na mwalimu mmoja mezani pake, aghalabu siku ya mwisho ya kuziwasilisha, huku madaftari ya mkondo mzima yakiwa yamerundikwa pembeni na mengine hayajafunguliwa. Alama zinapikwa, na sisi tuliofundisha tunalijua hilo. Simlaumu sana mwalimu, kwa maana mkuu wake anaulizwa ufaulu katika kila kikao, wala hakuna anayekuja kulinganisha alama hizo na kazi ya mtoto.

Kulegeza si jambo geni kwetu. Miaka michache kabla ya 2012 Serikali iliondoa sharti la kufaulu mtihani wa kidato cha pili, wanafunzi wakawa wanaingia kidato cha tatu hata kama hawakufaulu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri, hadi Serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya. Sababu zilikuwa nyingi, lakini sidhani kama hiyo haikuwa mojawapo.

Hapa Kilimanjaro njia ya kuanzia ipo. Mtihani wa utamilifu, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, unapokwisha, walimu wa shule mbalimbali hukutana mahali pamoja kusahihisha, kila mmoja na swali lake, bila kujali karatasi ni ya shule ya nani. Walimu hao hao wakipewa posho ya siku chache zaidi wanaweza kuchambua sampuli ya kazi za mwaka kutoka kila shule na kurudisha alama zisizolingana na kazi zenyewe. Posho hiyo, nakiri, ndiyo itakayoleta mabishano.

Jambo hili lina haraka kwa sababu ya mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi. Wanafunzi walioanza nao kidato cha kwanza mwaka 2024 watafika kidato cha nne mwaka 2027. Kijana wa useremala hawezi kupimwa kwa karatasi pekee. Lazima mtu atazame kiungo cha meza aliyoitengeneza na kusema kimekaa au hakikukaa, na mtu huyo asiwe mwalimu wake peke yake. Naiomba Wizara ya Elimu itangaze mapema ni nani atakayefanya kazi hiyo, na kwa fungu lipi.

Mwalimu mstaafu,
Moshi