Asante mzee wa steshen ya Kima

Jamani natafuta yule mzee wa kofia alonipokea pale steshen ya Kima, Makueni, jina sikumuuliza, aibu yangu. Nilienda kupiga picha tu akaacha shughuli zake akanitembeza relini akinisimulia ya 1900, vile Ryall wa polisi wa reli alilala ndani ya behewa akivizia simba, usingizi ukamchukua, simba akaingia akamvuta nje kupitia dirishani! Na Kima ndo nyama ya kusaga, nilijikaza nisicheke. Akaniambia behewa lenyewe liko makumbusho ya reli Nairobi, nimeenda juzi nikaliona kweli. Mzee wangu shikamoo, asante sana, na ile soda unanidai, nikulipie.