Walimu wa kwaya, tutumiane noti zenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu wa kwaya jijini Nairobi kuhusu nyimbo za kufanyia mazoezi tunazozitengeneza kwa kompyuta na kutumiana kwa simu.

Nyimbo hizi zimetufaa sana. Kwaya ninayoifundisha mtaani Umoja haina mpiga kinanda wa kudumu, na waimbaji wengi hutoka kazini usiku. Mwimbaji wa sauti ya tatu akitumiwa tuni yake ikiwa imepazwa kuliko zingine, huisikiliza ndani ya matatu kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo, na Jumamosi anapofika mazoezini huwa ameishika.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wetu hutuma sauti iliyorekodiwa na kubaki na noti. Mwaka jana nilipokea wimbo wa namna hiyo, uliokwisha kupitia mikono mingi bila jina la aliyeupanga. Katika kiitikio, besi ikiwa kwenye "re", sauti ya pili ilipaswa kushuka kutoka "so" hadi "fa", lakini mwandishi alikuwa ameweka "mi". Kosa nililisikia siku ile ile, ila sikuweza kulirekebisha, kwa kuwa ndani ya rekodi sauti zote zimekwisha kuchanganyika. Ilinibidi niuandike wimbo mzima upya kwa kusikiliza, kazi iliyonikesha siku tatu. Tulipokutana katika ibada ya pamoja, kwaya mbili jirani ziliimba "mi" ile ile bila kusita, maana ndivyo zilivyofundishwa na simu.

Ningekuwa na noti, ningemaliza kwa dakika moja. Programu ya kuandikia noti ya MuseScore hupatikana bila malipo. Hata faili ya MIDI, mfumo unaotumiwa na vinanda na kompyuta tangu 1983, ingetosha, kwani haibebi sauti bali maagizo ya noti ipi ipigwe, lini na kwa nguvu gani. Ndiyo maana wimbo mzima huwa kilobaiti chache tu, na bando halisumbuki. Anayeipokea anaweza kupunguza mwendo, kushusha ufunguo soprano zinapolemewa, au kunyamazisha sauti anayotaka kuiimba mwenyewe.

Wapo wanaohofia kuibiwa kazi, na hofu hiyo naielewa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo kazi ya mtunzi aliye hai isisambazwe bila ridhaa yake. Lakini Handel alifariki 1759, na kwaya zetu bado zinamwimba kila Krismasi na Pasaka. Ukipanga wimbo kama huo, andika jina lako kwenye ukurasa wa kwanza, ili upate heshima yako na atakayeona kosa ajue wa kumweleza.

Kwa upande wangu, faili za noti za nyimbo 12 za zamani nilizozipanga ziko tayari. Mwalimu yeyote atakayeniomba nitampa bila malipo, mradi akikuta kosa anijulishe.

Mwalimu wa kwaya,
Umoja, Nairobi