Shangazi, daftari langu la furaha limenigeuka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 42, na tangu utotoni ni mtu wa kuwaza mabaya. Simu ikilia usiku, kabla sijaipokea nimeshamzika mtu. Mwaka jana nilikichoka kichwa changu, nikaamua kuanza kuchagua mawazo ya furaha.

Nilikuwa nimesoma habari za wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, watu walioandika mara moja kwa wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko walioandika kero zao. Mara moja kwa wiki, Shangazi. Mimi na pupa yangu nikaandika kila usiku, mambo kumi kumi.

Sikatai, mwanzoni daftari hilo lilinisaidia. Nilianza kuviona vitu ambavyo kwa miaka nilivipita tu: maji ya moto yakinishuka mgongoni, mvua ikigonga paa nami sina safari, mwanangu wa mwisho kapitiwa na usingizi na kiatu kimoja mguuni. Siku hiyo sikumvua. Nilikaa kitandani pembeni yake nikakitazama kile kiatu mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Sasa hivi ningekimbilia daftari. Juzi binti yangu alikuwa ananisimulia ndoto yake, ndefu, haina kichwa wala miguu. Nilimkazia macho, nikatabasamu, kumbe moyoni natunga sentensi ya usiku. Akakatiza: "Mama, unanisikiliza au unaniandika?" Ana miaka tisa.

Na yale mawazo mabaya hayajahama. Kila nikiyafukuza yanarudi na wenzake. Nasikia mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walikatazwa kumfikiria dubu mweupe, na dubu akawa haondoki akilini mwao. Dubu wangu ni ile simu ya usiku.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni mdogo wangu. Alinipigia siku aliyoachishwa kazi, sauti inamtetemeka. Nami, kwa kujiona nimefuzu, nikamwambia, "Hebu nitajie mambo matatu mazuri ya leo." Alinyamaza. Kisha akasema, "Asante, dada," akakata. Hii ni wiki ya tatu hajanitafuta, na mtu huyu hatujawahi kumaliza siku mbili bila kuongea. Usiku ule ule, Shangazi, niliandika kwenye daftari: "Nimemfariji mdogo wangu." Mstari huo nikiuona natamani kuuchana ukurasa.

Mume wangu anasema nilitupe tu hilo daftari, nilikuwa nacheka zaidi nilipokuwa mtu wa wasiwasi. Naogopa. Nikiliacha, nitarudi kuzika watu kila simu inapolia? Au nirudi kwenye ile mara moja kwa wiki? Na mtu anakaaje na jambo zuri likiwa linatokea, bila kulishika shingo?

Zaidi ya yote nisaidie kwa mdogo wangu. Nimeshika simu mara nne tangu jana. Kila neno la kuanzia linalonijia linafanana na yale niliyomwambia siku ile. Nianze na lipi?

Mimi dada mtu