Jumba la Bunge la Texas si la kupigia picha nje tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwa ajili ya wasomaji wanaopanga kufika Austin, Texas. Wengi hulipiga picha jumba la Bunge la jimbo kutoka barabarani, kisha haoo. Kuingia ni bure, na hata ziara ya kuongozwa hailipiwi.

Anza na kalenda. Bunge hilo hufanya kikao cha kawaida miaka witiri pekee, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. Anayetaka kuwasikia wabunge wakibishana asiende Agosti. Wawakilishi hukaa upande wa magharibi, Seneti mashariki, na roshani za watazamaji ziko ghorofa ya tatu. Ukielekezwa kamati iliyo katika chumba chenye herufi E, usipande ngazi: teremka. Ni jengo la nyongeza la mwaka 1993, lililochimbiwa ardhini ili lisilizibe jumba la kale. Hapo ndipo wageni hupotea.

Chini ya kuba, simama katikati ya nyota iliyo sakafuni, useme neno, sauti itakurudia. Nyota nyingine, iliyo juu kabisa ndani ya kuba, huonekana kama kisahani, kumbe ina upana wa futi 8. Usisahau bawaba za milango: ni za shaba nyeusi, zimechorwa jina la jumba, na kila moja ina uzito unaozidi kilo 3.

Wekundu wa kuta una kisa. Mawe ya chokaa yaliyokusudiwa kwanza yalikuwa na chembe za chuma, yakabadilika rangi, ndipo likaletwa itale jekundu. Wafungwa walitumiwa kulichimba, chama cha wachonga mawe kikagoma, mkandarasi akaagiza mafundi kutoka Scotland. Malipo ya jumba lote, lililofunguliwa 1888, yalikuwa ardhi: ekari milioni 3. Kwangu, hilo linashangaza kuliko kuba.

Sanamu ya mwanamke iliyo kileleni ni nakala ya mwaka 1986. Ya asili, ya zinki, imo katika makumbusho ya historia ya Texas, ya Bullock, mwendo mfupi kwa miguu upande wa kaskazini. Ukiikaribia utaona sura nzito, karibu ya kutisha. Ilikuzwa makusudi ili mtu aliye chini aitambue.

Msomaji wako