Nimekuwa duka

Arua, Jumapili jioni

Mwalimu,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi tu wazima, ila mvua imetugomea.

Uliniuliza kama yule bwana wa Kampala alinunua nyimbo zangu za adungu, hiki kinubi chetu. Alitaja bei: laki sita kwa zote nane, na nisidai tena hata shilingi. Wazee wa enzi za kaseti wengi wao waliuza hivyo, kisha wakawa wanajisikia kwenye teksi huku nauli wakitoa mfukoni. Nikamwambia nitafikiri. Bado nafikiri.

Badala yake nimekuwa duka. Mtu ananitumia 2,000 kwa mobile money, namrushia wimbo kwa WhatsApp, basi. Ujumbe wa pesa huja na jina, nami naandika kwenye daftari la mistari: jina, tarehe, wimbo. Juzi ikaingia 5,000 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Nikapiga ili nirudishe ile 3,000. Akapokea mama mmoja mtu mzima: “Mwanangu, hiyo ya juu ni soda ya huyo mpiga adungu.” Nikamwambia ndiye mimi. Alicheka mpaka salio langu likakatika.

Majina yamefika 143. Laki sita sijazifikia, usinicheke, na nikitoa pesa serikali inakata 0.5% yake, ile ya tangu 2018, mbali na ada ya kampuni ya simu. Lakini nyimbo bado ni zangu.

Kilichoniuma ni kibanda cha sokoni, pale wanapowapakia watu wa boda nyimbo kwenye memori kadi. Nikasikia wimbo wangu unatoka humo. Nilikwenda nimekunja ngumi, kijana akaniuliza kwa heshima kama nina zingine, maana wateja wanazitaka! Utampiga mtu kama huyo? Sasa ananiuzia, kila wimbo anabaki na 500. Najua zingine anazipitisha kimyakimya. Sawa tu.

Mpwa wangu aliye London naye amenifungulia ukurasa Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Wao wanakata 15%, ila kuna Ijumaa fulani, walizianza Machi 2020 wakati wa korona, ambazo hawachukui fungu lao. Mnunuzi anaweza kuongeza juu ya bei: Mjerumani mmoja alilipa dola saba kwa wimbo niliouwekea dola moja. Haelewi hata neno la Kilugbara.

Sasa shida yangu. Watu wanaulizia ile tuliyorekodi kwako Busia, ile jogoo aliwika katikati. Mimi niliipoteza pamoja na simu. Nitumie, na tukubaliane mapema: nusu yako, nusu yangu, maana ngoma ulipiga wewe. Ukitaka kuirudia vizuri zaidi, nitakuja Desemba. Jogoo tu msimchinje kabla sijafika.

Ni mimi,
mpiga adungu wako